Albertina Jasinto Nchumali, Mwimbaji na Mwigizaji
(8 Desemba 1949 – 9 Mei 1975)

Wasifu huu umeandikwa na familia ya mzee Jasinto Nchumali wa Chuno, na unasomwa na mdogo wa marehemu, Danieli. Kabla ya kuanza, inafaa waombolezaji wote wajue kwamba katika kichwa chake kuna neno moja ambalo familia iliombwa jana ilifute. Neno lenyewe ni “mwigizaji”. Wazee walikuja msibani mchana, wakaketi na mzee Jasinto, wakamwambia kwa upole kabisa kwamba marehemu aitwe mwimbaji, inatosha, na habari za televisheni ziachwe ili zisije zikaamsha maneno makaburini. Familia iliwasikiliza, na neno halikufutwa. Sababu ni maisha yake, na maisha yake ndiyo haya.

Albertina alizaliwa tarehe 8 Desemba 1949 katika kijiji kimoja kusini ya Palma, ng’ambo ya mto Ruvuma, akiwa mtoto wa kwanza wa Jasinto na Veronika. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria, padri alimwongezea jina la Conceicao, yaani ‘kutungwa mimba’ kwa Kireno. Baba yake wakati huo alikuwa akilimishwa pamba kwa nguvu na Wareno, na mwaka 1954 alichoka. Akamchukua mkewe na watoto, wakavuka, wakapewa sehemu ya kulima karibu na mlango wa mto, upande huu. Mzee Jasinto alikata mkonge Mikindani, kisha akapata kazi ya upakizi bandarini Mtwara, akajenga nyumba Chuno. Shamba la mihogo kule mtoni aliliacha mikononi mwa mama Veronika, nalo lipo hadi leo.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1957 hadi 1964. Walimu wake walimkumbuka kwa mambo mawili: hesabu zilimshinda, na hakuna mtu ambaye hakuweza kumwiga. Siku moja mwalimu wao, marehemu mwalimu Erasto, alichelewa kidogo kuingia darasani. Albertina akasimama mbele, akavuta suruali asiyoivaa, akakohoa kikohozi cha mwalimu, akaanza kuita majina. “Danieli! Yaani wewe, Danieli, kichwa hicho umepewa cha kufugia chawa?” Darasa lilicheka hadi likanyamaza ghafla, kwa sababu mwalimu mwenyewe alikuwa mlangoni. Watoto walisubiri fimbo.

“Endelea,” mwalimu alisema. “Umefika jina la ngapi?”

“La tano, mwalimu.”

“Basi maliza. Mimi leo koo linaniuma.”

Na akaketi nyuma pamoja na wanafunzi, akaitika Albertina alipomwita naye kwa jina. Hakuna mtoto aliyetoka pale akidhani kwamba Albertina amegeuka mwalimu. Walikuwa watoto wa miaka kumi, na walielewa.

Alipomaliza shule alijifunza kushona, akapata cherehani ya kukodi kwenye baraza ya duka moja la Chuno. Alikuwa akiimba huku anashona, na waliokuja kupima magauni walikaa zaidi ya ilivyohitajika. Hivyo ndivyo Hassani, mpiga gitaa wa Korosho Jazz, bendi ya vijana wa bandarini, alivyomsikia mwaka 1967. Hassani alikwenda kumwomba kwa baba yake akiwa amevaa tai, kama mtu anayeposa.

“Binti yangu ataimba kwenye pombe?” mzee Jasinto aliuliza.

“Ataimba jukwaani, mzee. Pombe iko mezani.”

“Na kati ya jukwaa na meza kuna nini?”

“Kuna mimi, mzee.”

Mzee alicheka, akakubali, kwa sharti kwamba Danieli aende naye kila anapoimba. Kwa miaka saba Albertina alikuwa sauti ya bendi ile. Wimbo wake, “Moshi wa Korosho”, aliutunga mwenyewe mwaka 1970. Unamhusu mwanamke anayebangua na kukaanga korosho. Moshi unamtoa machozi, na kila apitaye njiani anamuuliza nani kampiga. Mwaka 1971 ulirekodiwa Dar es Salaam, na tangu hapo haikupita wiki bila kusikika redioni. Watu wa Chuno walikuwa wakiweka redio madirishani, wakiitana: “Binti yetu huyo!” Wengi wenu mnaokumbuka hilo mmesimama hapa leo. Familia inaomba mlikumbuke vizuri, kwa sababu ni ninyi hao hao.

Tarehe 15 Julai 1972 alifunga ndoa na Alfredo Mateu, dereva wa lori la korosho kati ya Newala na bandarini. Katika karamu bendi ilipoanza kupiga, bibi harusi alisimama. Mama mkwe akamvuta shela. “Mwanangu, bibi harusi hunyamaza.” Albertina akamjibu kwa adabu, “Nimenyamaza tangu asubuhi, mama,” akapanda jukwaani na shela yake. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kwenda kumtunza pesa. Machi 1973 Mungu aliwajalia mtoto wa kike, Conceicao.

Sasa tunafika pale ambapo tuliombwa turuke.

Katika sherehe za Saba Saba za mwaka 1973, Dar es Salaam, kikundi cha mkoa wetu, Albertina akiwamo, kilicheza ngoma na mchezo mfupi wa kuchekesha. Mtunzi mmoja wa michezo kutoka Unguja alimwona Albertina. Televisheni ilipoanza Unguja mwaka uliofuata, alimwita. Bara hatuna televisheni, na hapa Mtwara wengi hatujawahi kuiona. Kwa hiyo isemwe wazi ni kitu gani. Ni sanduku lenye kioo, na ndani ya kioo unaona watu wakitembea na kusema, wengine wakiwa ni wasomaji wa habari, wengine wakiwa ni watu wanaocheza mchezo, kama mchezo wa shule, ila umepigwa picha. Albertina alikaa Unguja wiki saba, akacheza katika mchezo ulioitwa “Mke wa Mpagazi”.

Katika mchezo huo alikuwa mwanamke aitwaye Rozalia. Mume wake ni mpagazi anayewabebea wapigania uhuru mizigo kuvuka Ruvuma, naye anakamatwa na Wareno. Rozalia anakwenda kambini kwa ofisa wa Kireno na kumwambia: mwachie mume wangu, nami nitakuonyesha njia wanayopita. Hapo sehemu ya kwanza inakwisha. Sehemu ya pili ilionyeshwa wiki iliyofuata.

Katikati ya wiki hizo mbili meli ya Mtwara iliondoka, na ndani yake alikuwamo Selemani, karani wa wakala mmoja wa mizigo hapa bandarini. Alikuwa Unguja kikazi, akaenda na wenyeji wake kutazama sanduku hilo kwenye ukumbi wa mtaa, akaona sehemu ya kwanza, kesho yake akasafiri. Aliposhuka alikwenda kunyolewa. Waliokuwapo kwa kinyozi wanayakumbuka maneno yenyewe, maana wameyarudia mara nyingi.

“Nimemwona binti Nchumali,” Selemani alisema. “Kwa macho yangu haya.”

“Anaimba?”

“Anaimba wapi! Yuko kambini kwa Wareno, anawaambia, ‘Njia iko hapa, bwana mkubwa, nitawaonyesha.’”

“Kwa Kireno?”

“Kwa Kiswahili.”

“Mreno gani huyo anayejua Kiswahili?”

“Tena anakijua kuliko wewe.”

Wakacheka. Mreno anayesema Kiswahili cha Unguja kwa lafudhi ya mtaa wa Ng’ambo kule kule Unguja, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza ametoka wapi! Hapo pangetosha. Mtu mmoja angesema, “Ngoja kwanza, huyo si Mreno, na yule si msaliti,” na leo tungekuwa tunafanya shughuli nyingine. Hakusema mtu. Kinyozi alimwambia mkewe, mkewe akaenda bombani, na kabla ya jua kuchwa Chuno nzima ilikuwa na habari kwamba Albertina ameuza njia. Zilipofika vijiji vya mtoni, habari zilikuwa zimeota meno: kwamba alilipwa khanga, kwamba alilala na ofisa, kwamba amekiri mwenyewe mbele ya watu wote wa Unguja.

Selemani yuko hapa, na alikuja jana kumlilia mzee Jasinto magotini. Familia haimlaumu kwa kuona nusu ya mchezo. Aliona nusu na akasema aliyoyaona. Inawalaumu waliomalizia nusu ya pili kwa vichwa vyao.

Albertina alirudi Oktoba 1974 akiwa na zawadi za watu, hajui kitu. Alikwenda bombani na ndoo, wanawake wakamfungulia njia kama anayenuka. Sharifa, jirani yake na rafiki yake tangu shule, alikuwapo, na ndiye aliyetusimulia.

“Kuna nini, jamani?”

“Tunakupisha. Wewe mtu wa wakubwa.”

Alipoelezwa alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaona nyuso zao.

“Jamani, nilikuwa naigiza.”

“Unaigiza nani? Uso wako, sauti yako!”

“Ndiyo kazi yenyewe. Mle mchezoni watu wanapigwa, na damu inayotoka si damu, ni rangi.”

“Ehe! Sasa kama damu ni ya uongo, tutajuaje maneno ni ya uongo?”

Wakaangua kicheko, kila mmoja akijiona hodari. Mmoja tu hakucheka. Mama Konstansia alikuwa na mtoto wa kiume aliyevuka mwaka 1969 kwenda kupigana, na hakurudi. Alimsogelea Albertina, akasema polepole, “Mwanangu alipita njia ile.”

“Njia ile ilikuwa ya mbao, mama,” Albertina alimwambia. “Imepakwa rangi. Haifiki popote.”

Mama Konstansia alijitwika ndoo yake, akaondoka. Albertina aliwahi kusema kwamba wale waliocheka aliwasahau baada ya wiki moja, lakini yule mama hakuweza kumsahau. Familia haina neno la ukali kwa Mama Konstansia. Uchungu wake ni wa kweli. Ukali wetu ni kwa waliokuwa hawana uchungu wowote, wakaazima wa kwake ili wapate kumpiga nao mtu.

Kuanzia hapo kila mlango ulifungwa kwa adabu. Wenye harusi walimwambia Hassani, bendi karibu sana, ila yule bibi mwache nyumbani. Hassani aligoma mara mbili, mara ya tatu akaenda bila yeye. Wateja wa cherehani walikumbuka kwamba wana nguo za kutosha. Januari mwaka huu, wanawake wa jamii yetu sisi tuliotoka Msumbiji walipoanza kufanya mazoezi ya nyimbo za siku ya uhuru, tarehe 25 Juni, Albertina alikwenda na wimbo alioutunga. Hakuna kitu alichokitaka kuliko hicho: kusimama siku ile pamoja na wenzake, na kuimba wakati bendera ya nchi aliyozaliwa ikipanda. Kiongozi wao alimuuliza mbele ya wote, “Siku hiyo wewe utakuwa unamlilia nani, sisi au Wareno?”

Sharifa alikasirika kuliko yeye. “Waambie sehemu ya pili!” alimwambia. Maana katika sehemu ya pili Rozalia hawaonyeshi Wareno njia. Anawapeleka kwenye kinamasi cha mikoko, maji yakijaa, wanazama wote, na yeye pamoja nao. Amewadanganya tangu mwanzo. “Waambie, Tina! Watakubeba mabegani.”

Albertina alimjibu maneno ambayo Sharifa ameyashika hadi leo: “Nikiwaambia hivyo watanisamehe kwa ajili ya Rozalia. Mimi sikuuza njia, na mimi sikuzamisha Wareno. Nilishona gauni langu mwenyewe, nikajifunza maneno, nikayasema vizuri. Na kama mwakani nitapewa kucheza msaliti hadi mwisho, nitacheza. Wakubali hilo au wasikubali kitu.”

Wapo watakaosema hicho ni kiburi. Familia inasema ni mtu anayeijua kazi yake.

Februari alihamia shambani kwa mama yake, kule mtoni, na mtoto. Alipalilia mihogo na kumfundisha Conceicao nyimbo. Mvua za Aprili zilimkuta na kikohozi, na mwanzoni mwa Mei kikohozi kikawa kichomi. Tarehe 7 Mei hakuweza tena kuketi. Alfredo alikuwa Newala na lori, barabara imekatika kwa matope. Mzee Jasinto, aliyekuwa amekwenda kuwajulia hali, alifunga machela, akapita nyumba kwa nyumba kuomba wabebaji, kama inavyofanywa kwa mgonjwa yeyote, hata mgeni, hata mlevi.

Mmoja alisema mgongo unamuuma. Mmoja alisema anangoja mwenye kumlipa kuku wake. Mmoja hakutoka kabisa, alijibu akiwa ndani: “Nenda kawaombe Wareno wake.” Mzee wa miaka sitini na mbili alisimama kwenye mvua mlangoni pa mtu aliyevuka naye mto mwaka 1954, akajibiwa hivyo.

Aliyekuja ni Athumani, mume wa Sharifa, aliyekuwa kijijini kununua ufuta. Yeye ni Myao, mtani wetu, si ndugu. Wawili hao walimbeba kwenye tope hadi giza likawazuia, wakalala kwenye kibanda cha kulindia shamba, na kesho yake wakapata trekta. Hospitalini wauguzi na daktari walifanya yote yaliyowezekana, na familia inawashukuru kwa moyo. Walisema kichomi kilikuwa kimekaa mno. Albertina alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 9 Mei 1975, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama yake.

Jana watani walifanya kazi yao, kama ilivyo desturi. Athumani alivaa gauni la marehemu, akashika mchi kama kipaza sauti, akatembea kwa mwendo wake wa mkono kiunoni, akaimba “Moshi wa Korosho” kwa sauti nyembamba. Kisha akajiangusha katikati ya ua. “Nimekufa mie! Nani ananibeba? Mgongo wako wewe, bado unauma? Na wewe, kuku umelipwa?” Watu walicheka hadi wakashika mbavu, hata mama Veronika alicheka, mara ya kwanza tangu alfajiri. Na waliotajwa nao walicheka, huku wakitazama chini.

Ndugu waombolezaji, hakuna aliyesema Athumani amekuwa mwanamke. Hakuna aliyekwenda bombani kutangaza kwamba amemwona Athumani amekufa, kwa macho yake. Mnajua kuigiza ni nini. Mmejua tangu mkiwa watoto. Hakuna msiba wetu unaokwenda bila hilo. Kwa hiyo isisemwe kwamba mlikosea kwa sababu hamna televisheni. Mlijua, na mlichagua kutokujua, kwa sababu ilikuwa tamu zaidi.

Alasiri Alfredo alifika, tope hadi kiunoni, akawakuta wazee bado wameketi wakizungumzia lile neno. Kwa uchungu akawaambia sehemu ya pili ya mchezo, yote. Wazee wakatazamana. Mkubwa wao akasema, “Kumbe! Basi mambo yamekuwa mepesi. Andikeni kwamba alikufa shujaa, akiwazamisha Wareno. Na msalabani muweke hivyo. Watu wote watambeba.”

Mzee Jasinto akawakatiza.

“Hapana,” alisema. “Aliyezama na Wareno ni Rozalia. Mwanangu amekufa kwa kichomi, hospitali ya Mtwara, baada ya kulala njiani. Mwandikeni alivyokuwa.”

Ndiyo maana msalaba mtakaouona una jina lake, tarehe zake, na maneno mawili ya kazi zake, la pili likiwa limechongwa kwa kina kile kile cha la kwanza. Atakayeona aibu kusimama mbele ya neno hilo, njia ya kurudi mjini iko wazi.

Marehemu ameacha mume, Alfredo Mateu. Mtoto, Conceicao Alfredo. Wazazi, mzee Jasinto na mama Veronika. Mdogo wake, Danieli. Na rafiki, Sharifa, ambaye familia inamhesabu kuwa dada. Ameacha wimbo mmoja unaojulikana, na mwingine wa siku ya uhuru ambao hakuruhusiwa kuuimba. Wimbo huo Sharifa anaujua wote. Tarehe 25 Juni utaimbwa uani kwa mzee Jasinto, mlango ukiwa wazi, na jina la mtunzi na kazi zake zote mbili zitatajwa kwanza.

Albertina apumzike kwa amani. Sisi tuliobaki tusipumzike bado.